Nasaha Zimetosha, Nyenzo Ndizo Haba: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo na Mifuko ya Utafiti

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wakurugenzi wa Taasisi za Utafiti, na Wote Wenye Dhamana ya Mifuko ya Sayansi katika Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kusema nanyi kadamnasi ya wasomaji juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa minong'ono, katika vyumba vya chai na ndani ya daladala za jioni, na ambalo kwa kunong'onwa huko limekaa miaka mingi bila ya mtu kubanwa alijibu. Mimi si profesa, wala si mjumbe wa baraza lolote; nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika taasisi moja ya mwambao hadi nilipostaafu, na kwa kuwa kazi ya fundi sanifu ni kufungua mlango kabla wengine hawajafika na kuufunga baada ya wote kuondoka, huwa anajua nani anayekawia usiku, nani anayekuja Jumapili kubadilisha maji ya matangi ya samaki, na nani ambaye siku moja alirudisha ufunguo, akatia saini daftarini, asionekane tena. Waliorudisha ufunguo kabla kazi yao haijaisha walikuwa aghalabu wanawake, na daftari lile halikuwa na safu ya kuulizia sababu.

Sina nia ya kudhulumu haki ya mtu kwa kusema kwamba hapana lililofanyika. Yamefanyika mengi, ila karibu yote yamefanyika mlangoni. Tanzania imeamua kila mkoa wa Bara, yaani mikoa 26, uwe na shule yake ya sekondari ya sayansi kwa wasichana. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili uliopewa jina la Rais Samia kwa vijana, wake kwa waume, wanaoongoza katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Nairobi iko AkiraChix, iliyoanzishwa na wanawake mwaka 2010 ili kuwafundisha mabinti kuandika programu za kompyuta, na Dar es Salaam iko Apps and Girls, iliyoanza mwaka 2013 kwa muradi unaofanana na huo. Fauka ya hayo, tangu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoitenga tarehe 11 Februari, kwa azimio la Desemba 2015, kuwa siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, hatujapungukiwa na hotuba, wala fulana, wala picha ya pamoja. Msichana wa kidato cha nne leo anao wa kumwambia kwamba anaweza. Mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye shahada ya umahiri, mtoto wa miezi minne, na sampuli zinazomngoja katika friji, huyo hahitaji kuambiwa kwamba anaweza, maana amekwisha kuweza. Haja yake ni saa, fedha, chumba, na karatasi iliyotiwa saini, na hivyo vyote havimo katika hotuba. Tumekuwa kama mwenyeji aliyemlaki mgeni njiani kwa ngoma na marashi, akamfikisha hadi ukumbini, kisha ikabainika kwamba hakumtengea mahali pa kukaa.

Hesabu za UNESCO zaonyesha kwamba katika kila watafiti watatu duniani, mwanamke ni mmoja tu. Hesabu hiyo husomwa majukwaani kana kwamba wanawake wanaokosekana ni wasichana waliokataa kuipenda sayansi tangu utotoni, na dawa yake ikawa ni kuwapendekezea tena na tena. Nathubutu kusema kwamba miongoni mwao wamo pia wale walioipenda, wakaisoma, wakafaulu, wakaingia kazini, wakatoka. Na hao hawawezi kurudishwa kwa nasaha, kwa sababu si nasaha walizokosa.

Mambo haya si mageni kwetu. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa na wavulana kumi na wanne, na kaulimbiu yake iliwahimiza wawe wanaume. Mwaka 1945, wasichana walipopokelewa kwa mara ya kwanza, ilibidi kaulimbiu ile iachwe, ikatafutwa nyingine inayosema juu ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kubadili kaulimbiu ni kazi ya kikao kimoja. Kubadili masharti ya kazi ni jambo jingine, na ushahidi wa hayo ni maisha ya Wangari Maathai, ambaye watu wengi humkumbuka kwa miti na kwa Nishani ya Nobel ya mwaka 2004, ilhali kabla ya miti alikuwa mwanasayansi wa maabara, mtaalamu wa anatomia ya wanyama. Mwaka 1966 alirejea Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada mbili za biolojia na barua ya kumpa kazi ya msaidizi wa utafiti katika zuolojia kwenye chuo cha jiji hilo. Alipofika akaambiwa nafasi imekwisha kupewa mwingine, naye aliamini kwamba sababu zilikuwa mbili, jinsia yake na kabila lake. Aliyemwokoa ni profesa mgeni kutoka Ujerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa akiiunda idara ya anatomia katika shule ya udaktari wa mifugo, na aliyekuwa na haja ya mtu ajuaye kuandaa na kusoma tishu chini ya hadubini. Mwaka 1971, akiwa tayari ni mama, Wangari akatunukiwa shahada ya uzamivu, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata.

Kisa hiki husimuliwa kwa fahari, na mimi nakisimulia kwa hofu, kwa sababu kinategemea mtu mmoja kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lau Hofmann angekuwa amekwenda likizo mwezi ule, tungempata wapi Wangari? Tena alipokwisha kuwa mwalimu wa chuo kikuu, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walilazimika kudai stahili za nyumba na nyinginezo ambazo wenzao wanaume walipewa pasi na kuomba, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mwanamke aliyeolewa hutunzwa na mumewe, kwa hiyo mshahara wake ni ziada tu ya nyumbani. Aliyepata shahada ya juu kuliko wote waliomtangulia katika jinsia yake alikuwa bado anabishana juu ya nyumba ya kukaa.

Naja sasa katika shina la maombi yangu, nalo ni umri. Matangazo mengi ya ufadhili yanayobandikwa katika mbao zenu huweka ukomo: mwombaji asizidi miaka 35, au asizidi miaka 40, au awe hajapitisha miaka mitano tangu apate shahada yake. Aliyeandika sharti hilo hakukusudia kumdhuru mwanamke. Alikusudia kuwapa vijana nafasi, na kwa mwanamume hesabu yake ni sawasawa. Walakini hebu mfuateni binti aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka ishirini na minne, akafanya kazi ya mkataba ili awasomeshe wadogo zake, akaolewa, akazaa, akanyonyesha, akasoma shahada ya umahiri kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, na sasa yuko tayari kwa uzamivu, akili yake imekomaa na watoto wameanza shule: huyo ndiye anayeambiwa kwamba amechelewa. Amechelewa kwa saa ya nani? Baraza la Utafiti la Ulaya, ambalo hakuna anayelishutumu kwa kulegeza viwango, kwa miaka mingi limewaongezea akina mama miezi 18 ya sifa ya kuomba kwa kila mtoto waliyemzaa, bila ya kuwataka waeleze walivyoitumia. Hapana fedha inayotoka hapo. Ni mstari mmoja katika tangazo, na mifuko yetu ya taifa, kuanzia ule ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania hadi ile ya Kenya na Uganda, inaweza kuuandika mstari huo katika tangazo lijalo.

Linalofuata ni la sheria, na hapa naomba wanasheria wa vyuo wanisikilize kwa makini, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku zisizopungua 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akirudi kazini humpa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 hutoa miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya nchi hiyo ya mwaka 2017 huwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Ni sheria njema. Lakini mwanafunzi wa uzamivu anayeishi kwa posho ya mradi si mwajiriwa; msaidizi wa utafiti mwenye mkataba wa miezi sita unaofufuliwa kila baada ya miezi sita ni mwajiriwa wa jina; na mradi wenyewe una tarehe ya kufungwa iliyowekwa na mfadhili aliye ng'ambo, ambayo haisogei kwa ajili ya uchungu wa mtu. Basi mwanamke huzaa katikati ya mwaka wa pili wa mradi, saa ya mradi ikaendelea kukata, na anaporudi anakuta kazi ya miezi kumi na minane anatakiwa kuifanya kwa miezi kumi na miwili. Akishindwa, taarifa itaandikwa kwamba hakukamilisha.

Niliyaona haya kwa karibu mno. Katika taasisi niliyoitumikia alikuwapo mtafiti kijana aliyerudi maabara mtoto wake akiwa bado hajatimiza miezi mitatu. Chumba pekee chenye kitasa cha ndani kilikuwa stoo ya kemikali, basi akawa anaingia humo na kikamulio chake, kati ya madumu ya formalini na chupa za spiriti, akisimama kwa kuwa hapakuwa na pa kuweka kiti. Maziwa akishayakamua hakuwa na pa kuyahifadhi, kwa maana friji zote za maabara ni za sampuli, na kanuni inayokataza chakula cha mwanadamu kukaa pamoja na sampuli ni kanuni ya haki ambayo hata mimi niliisimamia. Na joto la mwambao wa Januari mnalijua. Alikuwa akiyamwaga katika sinki, akifungulia bomba ili wenzake wasisikie. Baada ya muda akarudisha ufunguo. Sikumsikia mtu yeyote wa juu akisema neno baya juu yake, wala neno lolote, na ndilo linaloniuma. Kwani taasisi ile, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa na watu wema, waungwana, waliokuwa wakiuliza hali yake kila asubuhi na kumwombea dua, na hapana hata mmoja aliyefikiri kununua friji.

Kazi ya nje ya maabara ina udhia wake. Kwa wasioijua bahari: katika pwani ya Unguja, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na tena mnamo saa nne usiku, na mwenye kuhesabu viumbe wa mwambani hana hiari ila kufuata saa hizo. Usiku huo mtafiti wa kiume hudandia pikipiki yoyote na kurudi nyumbani. Mtafiti wa kike huuliza kwanza kama gari la ofisi lipo, na akiambiwa halipo, hukosa bamvua moja, kisha la pili, na mwisho wa mwaka jedwali lake lina matundu ambayo msimamizi wake atayaita uzembe. Gari la usiku ni chombo cha utafiti sawa na hadubini, na liandikwe katika bajeti kwa jina hilo.

Maadamu nimefika pwani, niseme na faida, wasije watu wakadhani naomba sadaka. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, na walioushika tangu vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani wengi wao ni wanawake, wanaofunga vichipukizi katika kamba na vigingi huku maji yakiwa yamepwa. Ule wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, haukustahimili joto la maji ya kina kifupi; ukawa unageuka mweupe, unakatika, na wakulima wakabakia na ule wa aina ya spinosamu, wenye bei ya chini. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyeanzisha mwaka 2006 umoja uitwao Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, alishirikiana na wakulima hao kujaribu kuupanda kotonii katika maji ya kina kirefu zaidi, kwa nyavu zilizoshonwa mfano wa mirija, na pia kuusaga mwani na kuutia katika sabuni ili thamani ibaki kijijini. Hapo likadhihiri jambo ambalo halimo katika vitabu vya biolojia: maji ya kina yanataka mashua na kuogelea, na wakulima wengi hawakuwa na mashua wala hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Sisemi mwanamume hawezi kulitambua hilo. Nasema kwamba jibu sahihi la kisayansi lisilojua ni nani atakayeingia majini kulitekeleza ni jibu nusu, na kwamba taifa linalowapoteza watafiti walio karibu na wakulima wake linajipotezea mwenyewe.

La habari na maarifa ya nafasi sitalirefusha, kwa kuwa kila mtu analijua na ni fedheha tu inayotufanya tusiliseme. Katika miji yetu nafasi nyingi hugawanywa barazani. Baada ya sala ya magharibi wanaume huketi wakanywa kahawa, na hapo ndipo husikika kwamba profesa fulani wa Norway anatafuta mwanafunzi, kwamba mradi fulani una kiti kimoja cha Trieste, kwamba barua ya mapendekezo ikiletwa kesho itatiwa saini. Na tangazo rasmi hubandikwa ubaoni zikiwa zimebaki siku tatu, huku aliyeketi barazani amekwisha kuandaa vyeti vyake. Hapana hila katika hili, ni desturi. Lakini mwanamke hayumo barazani, wala haifai tumwambie aje. Tangazo ndilo liende kwake, kwa maandishi, kwa mwezi mzima. Shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, ambalo makao yake ni huko huko Trieste, Italia, limekuwa likitoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi zetu, na kila mwaka nilikuwa nikikutana na mabinti wenye sifa kamili ambao hawajapata kulisikia hata jina. Vivyo hivyo programu ya AWARD ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya watafiti wanawake wa kilimo, humpa kila mwanamke mlezi wa kitaaluma aliyemtangulia, nayo humtaka amlee mdogo wake katika fani. Utaratibu huo haukungoja ukarimu wa mtu mmoja mmoja, uliandikwa ukawa sharti, na vyuo vyetu vinaweza kuuiga katika fani nyinginezo pasi na kuomba ruhusa ng'ambo.

Najua lipo jibu linalongoja, kwamba haya ni upendeleo na kwamba sayansi haijui mume wala mke. Kweli, jaribio halimjui. Lakini kamati ya usaili yamjua vizuri, kwani nimeketi nje ya vyumba hivyo na mafaili mapajani, nikasikia mwanamke akiulizwa kama mumewe ameridhia asafiri, na sikupata kusikia mwanamume akiulizwa kama mkewe ameridhia. Siombi alama moja iongezwe katika mtihani wa mtu. Naomba swali hilo lipigwe marufuku kwa maandishi, na mwenye kuliuliza atolewe katika kamati.

Kwa mukhtasari wa matakwa, ili pasiwe na wa kusema hakufahamu: ukomo wa umri uhesabiwe kwa kuongezwa muda kwa kila uzazi, mkataba wa kila mradi utamke kwamba posho na muda wa mwanafunzi aliyejifungua vitaongezwa, na wafadhili walazimishwe kulikubali hilo kabla ya saini na si baada, bajeti ya kazi ya nje iwe na gari la usiku, na ya safari za mikutano iwe na nauli ya yaya kwa mama anyonyeshaye, na matangazo yakae ubaoni siku thelathini. Haya yanataka vikao, na nyinyi mnajua vikao vyenu vinavyokwenda, kwa hiyo sitawataka miujiza. Nawataka mtaje tarehe. Lakini chumba chenye kitasa, kiti, na friji dogo lisilo la sampuli havingoji baraza la chuo. Mkuu wa idara na fundi wake wanaweza kuvipata kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na nathubutu kusema kwamba gharama yake haitafikia ya fulana za 11 Februari.

Wasalaam,

Wenu mtiifu,
Fundi sanifu mstaafu wa maabara